Je, Wajua? Ukijishusha Kwenye Kompyuta, Virusi Navyo Vinashuka

Je, wajua kwamba ukinunua kompyuta mpya ya Windows leo, ukaiwasha na kufuata maelekezo yake hadi mwisho, akaunti ya kwanza utakayofungua inapewa madaraka yote ya mashine? Hukuomba, hukuulizwa. Unaingia YouTube kusikiliza taarab, kumbe umekalia kiti cha msimamizi mkuu!

Ubaya wake uko hapa: programu yoyote unayoifungua inarithi haki zako. Msimamizi akifungua kirusi, kirusi kinapata njia ya kuwa msimamizi. Mtumiaji wa kawaida akikifungua, nacho kinabaki cha kawaida, hakivuki mafaili ya huyo mtu mmoja. Mengi ya maajabu ya leo yanatoka kwenye jambo hilo, kwa hiyo lishike tuendelee.

Kusoma barua pepe ukiwa msimamizi ni sawa na kwenda sokoni kununua nyanya huku umebeba hati ya nyumba. Nyanya utapata. Hati ya nini?

Je, wajua mkubwa kuliko wote kwenye Linux na Mac anaitwa root, na namba yake ni 0? Si 1. Sifuri! Na mfumo haujali jina hata kidogo, unatazama namba tu: mpe Asha namba 0, Asha ndiye root.

Windows nayo ina namba yake. Msimamizi anayekuja na mashine, namba yake huishia na 500, uwe Mwanza, uwe Muscat. Mafundi wengi hubadilisha jina lake kuwa "Juma" wakidhani wamemficha. Mdukuzi hatafuti jina, anatafuta 500, na anamkuta Juma ametulia palepale.

Halafu huyo msimamizi mwenyewe ana wakubwa zake. Juu yake kuna SYSTEM, na tangu enzi za Windows Vista kuna mwingine aitwaye TrustedInstaller, mmiliki wa mafaili ya msingi. Jaribu kufuta faili lake moja uone: utaambiwa ukaombe ruhusa kwa TrustedInstaller, kiumbe asiye na simu wala ofisi.

Apple ndio waliozidisha. Mwaka 2015, kwenye toleo la El Capitan, walimfungia hata root. Folda ya mfumo haigusi, awe sifuri asiwe sifuri.

Umekaa vizuri? Je, wajua Windows 98 ilikuwa inakuomba neno la siri, halafu ukibonyeza kitufe cha Esc inakukaribisha ndani? Si utani. Neno lile lilikuwa la mtandao na mipangilio ya kila mtu. Mashine yenyewe haikumzuia yeyote.

Na wakati huohuo Microsoft walikuwa na Windows nyingine iliyojua kutofautisha mkubwa na mdogo. Iliitwa Windows NT, ilitoka Julai 1993, na aliyeongoza kuijenga ni Dave Cutler. Ujuzi huo ukaletwa majumbani na Windows XP tarehe 25 Oktoba 2001. Kisha wakafanya nini? Kila akaunti iliyofunguliwa wakati wa kusakinisha XP wakaifanya msimamizi. Kila moja!

Hii ya XP hunichekesha hadi leo. Mtumiaji wa kawaida akibofya mara mbili saa ya pembeni, nia yake kuangalia tu Idi itaangukia siku gani, anakatazwa. Dirisha la kalenda ndilo lilelile la kubadilisha saa, na saa ni mali ya msimamizi. Watu wakaona afadhali wawe wasimamizi kuliko kwenda kununua kalenda ya ukutani.

Unadhani saa ni kitu kidogo? Kwenye ofisi nyingi kompyuta hutambuana kwa mfumo uitwao Kerberos. Saa zao zikipishana kwa zaidi ya dakika 5, zinakataana kabisa! Unaandika neno la siri sahihi, herufi kwa herufi, na bado huingii.

Haya, twende Vista, iliyoingia madukani tarehe 30 Januari 2007. Ndiyo iliyoleta ile tabia ya skrini kufifia ghafla na swali kutokea katikati: unaruhusu programu hii ibadilishe kompyuta yako? Je, wajua kile unachokiona nyuma kimefifia ni picha tu? Windows imeipiga picha skrini yako sekunde ileile, ikaitundika hapo, na programu zako halisi zimeachwa upande mwingine kusudi isipatikane hata moja ya kukubofyea "Ndiyo".

Na kero ile ilikusudiwa! Aprili 2008, kwenye mkutano wa usalama huko San Francisco, meneja wa Microsoft aitwaye David Cross alisema waziwazi kwamba dirisha lile liliwekwa ili liwaudhi watu. Walitaka watumiaji wawasumbue watengenezaji wa programu zinazodai madaraka bila sababu. Apple hawakungoja maelezo. Walikuwa wameshalitania kwenye tangazo la televisheni.

Siri nyingine ya dirisha hilo: tangu Vista, msimamizi akiingia hupewa vitambulisho viwili, kimoja kamili na kimoja kilichonyofolewa makali. Anashinda na hicho butu, kile kikali kinatoka akibofya "Ndiyo". Nzuri, sivyo? Ila Microsoft wenyewe wanasema dirisha hilo si mpaka wa usalama. Mpaka wa kweli ni akaunti ya kawaida, iliyo mbali na ya msimamizi.

Na hii je? Zipo programu za zamani zinazong'ang'ania kuandika mahali pasipo pao, ndani ya folda ya programu. Windows huzihadaa. Inapokea faili, inalipeleka kimyakimya kwenye folda ya mtumiaji, na programu inaondoka imeridhika, haina habari.

Wazo lenyewe la kumpa kila mtu haki zinazomtosha tu lina umri gani, unafikiri? Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa MIT waliliandika kama kanuni mwaka 1975. Miaka 26 kabla ya XP! Watu walijua.

Hapohapo MIT ndiko vituko vilikoanzia. Mwaka 1962, mwanafunzi Allan Scherr aliona muda aliopangiwa kwenye kompyuta ya chuo haumtoshi. Akatoboa kadi ya kuomba faili la maneno ya siri lichapishwe, mashine ikamchapia, akaanza kutumia muda wa wenzake.

Subiri, bado. Miaka michache baadaye, kwenye mfumo uleule, wasimamizi wawili walikuwa wakihariri mafaili kwa wakati mmoja: mmoja ujumbe wa siku, mwingine orodha ya maneno ya siri. Mafaili yakabadilishana nafasi. Kila aliyeingia siku ile akasalimiwa na maneno ya siri ya watumiaji wote!

Je, wajua kuna chembe moja tu ya taarifa, sifuri au moja, iliyopewa hataza nchini Marekani? Dennis Ritchie, mmoja wa waasisi wa Unix, mfumo uliotangulia Linux na Mac, aliiombea mwaka 1973 na ikatoka Januari 1979, namba 4,135,240. Chembe hiyo ikiwashwa kwenye programu, mtu wa kawaida anaitumia kwa nguvu za mwenye programu. Bila hiyo usingeweza hata kubadilisha neno lako la siri, maana linakaa kwenye faili la root.

Kuna amri moja mafundi wa Linux huiandika siku nzima: sudo. Inakuazima ukuu wa root kwa amri moja, kisha unaurudisha. Iliandikwa mwaka 1980 hivi na Bob Coggeshall na Cliff Spencer, kwenye chuo kikuu huko Buffalo, Marekani. Microsoft waliipenda pia. Walitangaza sudo yao ya Windows 11 mwaka 2024. Miaka 44 ya kufikiria!

Na sudo ina matusi. Kweli kabisa! Kuna mpangilio ukiuwasha, kila unapokosea neno la siri inakukejeli akili zako. Hakuna faida yoyote ya kiusalama, ni uchokozi tu wa mafundi.

Andika namba hii: 4,294,967,295. Mwaka 2019 iligundulika kwamba kwenye mashine zilizopangwa kumruhusu mtu awe yeyote isipokuwa root, ukiiambia sudo wewe ni mtumiaji namba hiyo, inachanganyikiwa na kukuhesabu kuwa 0. Yaani unakatazwa mlangoni, unataja namba kubwa, unapita.

Mwaka 2021 ikaibuka kubwa zaidi. Kasoro iliyokuwa ndani ya sudo tangu Julai 2011 ilimwezesha mtumiaji yeyote wa kawaida kujipandisha kuwa root. Karibu miaka 10 ilikaa hapo, mbele ya macho ya dunia nzima, kwenye programu ambayo kila mtu anaruhusiwa kuisoma.

Sasa toa simu yako mfukoni. Kama ni Android, je, wajua ndani yake mna umati? Karibu kila programu ni mtumiaji wa peke yake, mwenye namba yake, kuanzia 10000 kwenda juu. WhatsApp na programu yako ya benki hazijuani. Kila moja ina chumba chake na haisomi mafaili ya mwenzake.

Na wewe uliyeinunua kwa pesa yako, wewe si root! Simu inatoka kiwandani ikiwa haikupi madaraka hayo. Ukilazimisha kuyapata, programu nyingi za benki zinakataa kufunguka, zinaona simu haiaminiki tena.

iPhone je? Ya kwanza, ya mwaka 2007, ilikuwa balaa: programu zote zilikuwa zinakwenda kama root, kivinjari kikiwemo. Ukurasa mmoja mbovu wa intaneti, simu yote imekwenda. Apple wakarekebisha Januari 2008.

Neno la siri la root wa iPhone lilikuwa "alpine", simu zote, na halikuchukua muda kujulikana. Novemba 2009 kirusi kikazuka Australia, kikawa kinaingia kwenye simu zilizovunjwa ulinzi na wenyewe, waliosahau kulibadilisha. Kilifanya nini? Kilibandika picha ya mwanamuziki Rick Astley kwenye skrini.

Ngoja nikupe ya Mac. Novemba 2017, kwenye toleo la High Sierra, ukiandika jina "root", ukaacha nafasi ya neno la siri tupu, ukabofya mara mbili hivi, unakuwa bwana wa mashine. Neno tupu! Habari ikasambaa Twitter tarehe 28, na Apple wakatoa dawa kesho yake.

Kwa upande wa Windows, neno tupu lina ajabu iliyo kinyume. Tangu XP, akaunti isiyo na neno la siri inakataa kuingiwa kupitia mtandao. Lazima mtu aje akae mbele ya mashine. Neno dhaifu kama 123456 linaweza kukuponza kwa walio mbali kuliko kutokuwa na neno kabisa. Sisemi uliache tupu, jamani! Walio karibu nao wana mikono.

Je, wajua baadhi ya programu zinamwogopa root? VLC, ile ya kutazama filamu, ukiifungua kwenye Linux ukiwa root inakataa na kukuomba radhi. Chrome nayo inagoma hadi uizimie ulinzi wake. Na matoleo fulani ya zamani ya SuSE Linux, ukiingia kama root, skrini nzima inakuwa nyekundu na imejaa mabomu.

Mabomu hayo hayakuwa mapambo. Kuna amri fupi ya Unix, rm, ambayo root akiikosea inafuta mashine yote bila kumuuliza mara ya pili. Solaris, ndugu mmoja wa Unix, walianza kuizuia isifute mzizi wa diski mwaka 2005, Linux ikafuata mwaka 2006. Unix ilizaliwa mwaka 1969, hesabu mwenyewe!

Waulize Pixar. Mwaka 1998 mtu mmoja pale studio aliandika amri hiyo mahali pasipo pake, na wahusika wa filamu ya Toy Story 2 wakaanza kutoweka mmoja mmoja mbele ya macho ya watu. Asilimia 90 hivi ya filamu ilifutika, na nakala za akiba zikakutwa mbovu. Iliokolewa na Galyn Susman, mfanyakazi aliyekuwa na mtoto mchanga, akifanyia kazi nyumbani. Kompyuta ya nyumbani kwake ilikuwa na nakala. Wakaifunga kwa mablanketi, wakaipakia kwenye gari na kuiendesha polepole hadi ofisini.

GitLab nao, kampuni ya kutunza kazi za waandishi wa programu, tarehe 31 Januari 2017. Fundi aliyechoka usiku alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Alipogutuka na kuzuia, kati ya gigabaiti 300 zilibaki 4.5. Njia 5 za nakala za akiba, zote hazikufaa! Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi yuleyule alikuwa ameichukua saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine.

Muziki nao ulishawahi kuwa kirusi. Mwaka 2005 Sony BMG walitoa albamu 52 ambazo CD zake, ukiziweka kwenye kompyuta, zinapandikiza programu ya kujificha ndani kabisa ya Windows. Mtaalamu wa Windows, Mark Russinovich, ndiye aliyeifichua, tarehe 31 Oktoba. Programu ya namna hiyo haiwezi kujipandikiza bila haki za msimamizi, na karibu kila mtu mwenye XP alikuwa msimamizi.

Sasa sikia jinsi wadukuzi wakubwa wanavyoiheshimu akaunti ya kawaida. Stuxnet, programu hasidi iliyofichuliwa mwaka 2010 baada ya kuharibu mashine za nyuklia za Iran, ilibeba kasoro 4 za Windows ambazo zilikuwa bado hazina dawa. Kasoro 2 kati ya hizo, nusu nzima, kazi yake ilikuwa moja tu: kumtoa mtumiaji wa kawaida na kumpandisha juu. Kama daraja lile lisingekuwa kikwazo, nani angepoteza silaha mbili za thamani hiyo?

Ya tatu ilipitia printa. Printa! Mwaka 2021 huduma hiyohiyo ya kuchapisha ikapatikana tena na tundu la kumfikisha mtu kwenye SYSTEM, na kuanzia Agosti mwaka huo Windows inataka msimamizi ndiye aweke printa mpya. Ukimwona mtu wa ofisini ananung'unika hawezi kuunganisha printa, sasa unajua kero hiyo ilikotokea.

Vuta kiti, hii ya Ghana haitaki haraka. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi NotPetya kilitoka Ukraine kikiwa ndani ya sasisho la programu ya uhasibu. Kilikuwa na mbinu ya kuchungulia kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kuokota neno la siri la msimamizi aliyewahi kuingia hapo, na kulitumia kwenye mashine ya jirani. Kilipopata haki za msimamizi kiliharibu hadi sehemu ya diski inayowasha kompyuta. Kilipozikosa, kiliishia kufunga mafaili.

Kikaikuta Maersk, kampuni ya meli ya Denmark ambayo makontena yake utayaona bandari yoyote kubwa. Kompyuta 45,000 na seva 4,000 zikalazimika kuwekwa upya, ndani ya siku 10. Hasara ikakadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Lakini roho ya mtandao wao ilikuwa kwenye seva 150 hivi, zile zinazojua nani ni nani na nani anaruhusiwa nini. Kila moja ilikuwa nakala ya nyenzake, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kuweka akiba pembeni. Zote zikafutika kwa pamoja. Zote, isipokuwa moja, huko Ghana. Kwa nini? Umeme ulikuwa umekatika! Seva ilizimika kabla kirusi hakijafika, ikalala salama. Sisi tunaoujua mgao wa umeme tupige makofi.

Haikuishia hapo. Mtandao wa Ghana ulikuwa wa taratibu mno kutuma data hiyo Uingereza, walikokuwa waokoaji wa mtandao, ingechukua siku kadhaa. Wafanyakazi wa pale hawakuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi mmoja apande ndege hadi Nigeria, amkabidhi diski mwenzake uwanja wa ndege, naye huyo ndiye aliyeifikisha London. Kampuni kubwa ya dunia, mkononi mwa abiria mmoja.

Tukitoka kwenye virusi, kuna binadamu. Edward Snowden aliyetoa siri za shirika la ujasusi la Marekani, NSA, alikuwa msimamizi wa mifumo. Agosti 2013 mkuu wa shirika hilo, Keith Alexander, alitangaza nia ya kupunguza wasimamizi wao, waliokuwa 1,000 hivi, kwa asilimia 90 hivi. Shirika la kijasusi zima liligundua kwamba wasimamizi walikuwa wengi mno!

Na mji wa San Francisco, Julai 2008, ulijikuta ukimbembeleza mfanyakazi wake. Mhandisi wa mtandao wa jiji alikuwa peke yake mwenye maneno ya siri, akakataa kuyatoa hata alipowekwa rumande kwa dhamana ya dola milioni 5. Mwishowe aliyatoa kwa mtu mmoja tu: meya Gavin Newsom, aliyemfuata gerezani. Mwaka 2010 akahukumiwa miaka 4.

Unataka asilimia? Serikali ya Australia ilisema mwaka 2011 kwamba mambo manne tu yangezuia angalau asilimia 85 ya uvamizi wa mitandaoni ulioshughulikiwa na idara yake ya usalama. Moja ya hayo manne: punguza wenye haki za msimamizi. Mengine mawili ni kusasisha mfumo na kusasisha programu, na la nne ni kuruhusu programu zinazojulikana pekee.

Kampuni ya Uingereza iitwayo Avecto ilipekua taarifa za usalama za Microsoft za mwaka 2013. Ikakuta asilimia 92 ya kasoro zilizoitwa za hatari sana zinapungua makali mtu akivuliwa usimamizi. Kwa kivinjari cha Internet Explorer, asilimia 100! Ni kweli Avecto walikuwa wanauza programu za kazi hiyohiyo, kwa hiyo pokea namba yao ukijua hilo. Ila taarifa za Microsoft zenyewe zilirudia jambo hilo mwezi baada ya mwezi: mwenye haki chache ataumia kidogo.

Wale wanaofunga mafaili ya watu na kudai pesa, unajua jambo ambalo wengi wao hulifanya? Wanafuta nakala za kivuli ambazo Windows hujiwekea yenyewe ili usirudishe chochote. Kuzifuta kunahitaji msimamizi. Hapo mtumiaji wa kawaida huwa bado ana pa kushika.

Usivimbe kichwa lakini. WannaCry, programu hasidi ya Mei 2017, ilipiga kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi 150 hivi, na akaunti yako ya kawaida isingeizuia: iliingia kupitia tundu la mtandao, moja kwa moja hadi kiini cha Windows. Dawa yake ilikuwa imetoka tarehe 14 Machi, miezi miwili kabla. Waliosasisha walipona.

Na kirusi kilichopata haki zako wewe tu bado kinasoma picha zako, barua zako na risiti zako. Kilichonusurika ni mfumo, pamoja na watu wengine wanaotumia mashine hiyo. Si haba, hasa nyumba ambayo kompyuta moja ina baba, mama, binamu na watoto wa jirani.

Usisahau lile boksi la intaneti linalomulika sebuleni. Mwaka 2016 kirusi Mirai kilikusanya jeshi la kamera na maboksi ya namna hiyo kwa kujaribu jozi 60 hivi tu za majina na maneno ya siri, "admin" na "admin" ikiwemo. Lako limebadilishwa?

Unaogopa kwamba ukishuka cheo hutaweza kufanya kitu? Chrome kwenye Windows, ukiinyima haki za msimamizi, inajiweka ndani ya folda yako na maisha yanaendelea. Kuandika barua, kupiga hesabu, kuchapa, kutazama mpira: hakuna hata kimoja kinachotaka usimamizi.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya akaunti, tazama chini ya jina lako. Ukikuta neno "Administrator", ndiwe uliyebeba hati. Fungua akaunti mpya, hiyo ndiyo uifanye msimamizi na uipe neno la siri refu. Ingia nayo, kisha ishushe ile yako ya zamani iwe ya kawaida. Mafaili yako yanabaki palepale, hayahami. Na fundi akikurudishia kompyuta kutoka matengenezoni, usimlipe kabla hujaangalia tena, kwa sababu Windows ikiwekwa upya, akaunti ya kwanza inarudi kuwa msimamizi.